Kurasa za nyuma za daftari la vipimo

Daftari langu la vipimo lina pande mbili. Ukilifungua kwa mbele utakuta mabega, kifua, kiuno, urefu wa suruali na siku niliyomwahidi mteja. Ukiligeuza ukaanzia nyuma utakuta namba za namna nyingine, 14.1, 10.4, 8.9, 3.4, na kando yake maneno mawili matatu: "wali, nimekaa", "wali, nimetembea", "Amboni kwa baiskeli". Hiyo ni sukari yangu ya kwenye damu, kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Naiandika tangu mwaka 2019, na leo nataka kuwaeleza wenzangu wenye kisukari yale ambayo kurasa hizo zimenifundisha kuhusu mazoezi. Wengi wetu tunaambiwa "fanya mazoezi" kama anavyoagwa msafiri, "safari njema", halafu njia kila mtu aitafute mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga, huku ambako barabara zetu huitwa kwa namba. Nina miaka 54. Kwa miaka ishirini na miwili nilishona kwa cherehani ya miguu, mpaka mwaka 2016 nilipofunga mota. Kazi ikaenda mbio. Sare za shule zilizokuwa zikinichukua wiki nzima nikawa nazimaliza kwa siku tatu, na miguu ikapata mapumziko ambayo haikuyaomba. Baiskeli nayo nikaiegesha. Vitambaa vikawa vinaletwa na bodaboda hadi mlangoni. Ndani ya miaka mitatu suruali zangu mwenyewe nilizitanua kiuno mara mbili. Kisha ikaja kiu, kuamka usiku mara nne tano kwenda haja ndogo, na ukungu machoni. Nilishindwa kutunga uzi kwenye sindano nikadhani ni miwani. Mke wangu ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kupima: 17.3. Sisemi mota ndiyo iliyoniletea kisukari, maana marehemu baba alikuwa nacho, na shangazi yangu pia. Lakini naamini kukaa kule kulikiita mapema.

Kituo nilikopewa dawa kwa mara ya kwanza foleni ilikuwa ndefu na maelezo mafupi. Metfomini, gliklazaidi, punguza wanga, fanya mazoezi. Hakuna aliyeniambia mazoezi gani, saa ngapi, kabla ya kula au baada. Wala hakuna aliyeniambia kwamba mtu akichanganya mazoezi, njaa na moja ya dawa zile mbili, anaweza kuanguka barabarani. Hilo bado linaniuma, kwa sababu nusura linimalize.

Ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa na mzigo wa sare wa kupeleka Amboni, kilomita nane hivi kutoka mjini kwenye barabara ya kwenda Horohoro, nikasema leo natumia baiskeli, ndiyo mazoezi yenyewe. Asubuhi nilimeza dawa zote mbili kama kawaida, nikanywa chai ya rangi bila sukari, mkate nikauacha ili nipunguze wanga. Kwenda nilifika salama. Wakati wa kurudi jua limeshapanda, mikono ikaanza kutetemeka juu ya usukani. Nikadhani ni uchovu. Mara jasho la baridi, mara njaa kama ya mtu aliyeshinda siku mbili bila kula, moyo unadunda, na barabara mbele yangu ikawa kama inayumba. Nikashuka, nikakaa chini kando ya barabara.

Mama mmoja aliyekuwa akiuza machungwa hatua chache kutoka pale akanijia. "Baba, una nini?" Nikashindwa kumjibu sawasawa. "Una sukari?" Nikaitikia kwa kichwa. Hakuuliza tena. Alimtuma mwanawe dukani mbio kuleta soda yenye sukari, nikanywa kama nusu chupa, akaniambia tulia. Baada ya robo saa hivi ukungu ukaondoka, akanimenyea machungwa mawili. Baadaye akaniambia mumewe naye ni mgonjwa wa sukari, ndiyo maana aliijua ile tetemeko. Mungu amlipe. Mpaka leo kila nikipita njia ile nasimama kununua machungwa kwake.

Nilipofika nyumbani nikajipima: 21.6. Nilitishika nikataka kumeza dawa nyingine pale pale. Binti yangu, aliyekuwa anasomea uuguzi, akanizuia. "Baba, umenawa?" Vidole vyangu vilikuwa bado vina maji ya machungwa. Nikanawa kwa sabuni, nikafuta, nikatoboa kidole kingine: 9.2. Ningemeza dawa kwa kuiamini ile namba ya kwanza, sijui ningeamkia wapi, maana usiku ule ule, saa tisa, niliamka shuka limelowa jasho. Nikapima: 3.4. Mazoezi yalikuwa yamekwisha tangu mchana, lakini mwili ulikuwa bado unaendelea kuvuta sukari.

Hapo ndipo nilipomkalisha binti yangu anieleze kila kitu, na yeye akawa ananieleza jioni baada ya jioni, mimi nikitia lupu vifungo. Nayaandika nilivyoyaelewa.

Sisi wa kisukari cha aina ya pili, insulini, yaani homoni inayoingiza sukari kwenye seli, mara nyingi ipo, ila seli hazimsikii mgeni wao. Anabisha hodi mlango wa mbele, wenyewe kimya, na sukari inabaki nje ikizunguka kwenye damu. Msuli ukifanya kazi haungoji hodi. Unafungua mlango wa uani wenyewe. Ndani ya seli za msuli kuna vibebeo vya sukari ambavyo wataalamu huviita GLUT4. Kwa kawaida insulini ndiyo inayoviamuru vikwee hadi kwenye utando wa seli viingize sukari, lakini msuli unapokaza na kulegea navyo hupanda bila kungoja amri hiyo. Ndiyo maana mtu ambaye mwili wake unaikaidi insulini bado akitembea sukari yake inashuka. Nilipolielewa hili nililia kidogo, nakiri. Nilikuwa nimejiona kama mtu ambaye mwili wake umemfungia milango yote.

Na baada ya kazi, msuli huwa umetumia akiba yake ya sukari, kwa hiyo unajaza ghala upya kwa saa nyingi, na hata insulini nayo husikika vizuri zaidi kwa muda huo. Hali hiyo hudumu siku moja, wakati mwingine mbili hadi tatu. Ndiyo sababu ya ile 3.4 ya usiku. Ndiyo sababu pia tunashauriwa tusipitishe siku mbili mfululizo bila mazoezi: faida ya Jumatatu ikifika Alhamisi imeshayeyuka. Jumla inayopendekezwa ni dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukupa pumzi ya juu juu, unaoweza kuongea lakini huwezi kuimba, pamoja na mazoezi ya kutumia nguvu mara mbili au tatu.

Dawa nayo. Metfomini peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Gliklazaidi na ndugu zake kama glibenklamaidi zinalikamua kongosho litoe insulini, uwe umekula au hujala, na insulini ya sindano nayo haingoji sahani yako. Hizo ndizo za kuogopa unapotoka kwenda mazoezini na tumbo tupu. Siku hizi nikitaka kuendesha baiskeli napima kwanza. Ikiwa chini ya 5 nakula kitu kabla, ndizi au kipande cha muhogo. Mfukoni sikosi glukosi ya unga kwenye kikaratasi, na mke wangu anajua njia niliyopita. Ikishuka chini ya 4 unachukua sukari ya haraka, kama gramu 15, yaani vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari ndani ya maji, au nusu glasi ya juisi au soda ya kawaida. Unangoja dakika 15, unapima tena, ikiwa bado unarudia. Chokoleti na maandazi si vya wakati huo, mafuta yake yanachelewesha sukari kufika.

Sasa nirudi kwenye daftari, maana ndilo lililonifungua macho kuliko maelezo yote.

Stripu za kupimia si za bei rahisi. Siwezi kujipima mara saba kwa siku. Kwa hiyo nilijiwekea utaratibu wa kupima viwili viwili: moja kabla ya jambo, moja baada yake, na jambo lenyewe liwe moja. Wali wa nazi na maharage, sahani ile ile, Jumatatu na Jumatano. Jumatatu nilikula nikarudi kwenye kiti, nikashona kwa mota. Saa mbili baada ya kula: 14.1. Jumatano nilikula, nikangoja kama dakika kumi, nikatoka nikatembea dakika ishirini mpaka Uwanja wa Mkwakwani na kurudi, kisha nikakaa nikashona. Saa mbili baada ya kula: 10.4. Sikuamini. Nikarudia wiki iliyofuata, ikawa 13.6 na 10.1. Chakula kile kile, dawa zile zile, tofauti ni dakika ishirini za miguu.

Binti yangu alipoziona namba hizo akanitafutia utafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Otago, Nyuzilandi, uliochapishwa mwaka 2016. Watu 41 wenye kisukari cha aina ya pili walitembea kwa namna mbili: kuna kipindi walitembea dakika 30 kwa mkupuo saa yoyote wanayotaka, na kipindi kingine dakika 10 baada ya kila mlo. Zote ni dakika 30 kwa siku. Lakini walipotembea baada ya kula, sukari baada ya mlo ilikuwa chini kwa wastani wa asilimia 12, na baada ya mlo wa jioni tofauti ilifika asilimia 22. Sukari ya chakula inakuta misuli imeshafungua mlango. Ndipo nilipoacha kuwa mtu wa alfajiri tu. Zamani nilidhani mazoezi ni lazima uamke na giza uvae raba. Nikikosa alfajiri nahesabu siku imepotea.

Kuna ukurasa mmoja nataka kuuzungumzia kwa kirefu, kwa kuwa najua watu waliokata tamaa kwa jambo hilo. Vijana wa mtaa wetu wana kikundi cha jogingi. Nikajiunga nao asubuhi moja, wakawa wanapiga mbio fupi za kasi, kwenda na kurudi, na mimi nimo. Kabla: 7.8. Baada, bado nahema: 11.2. Sikuwa nimekula kitu. Nilivunjika moyo, nikawaambia watu mazoezi yananipandishia sukari.

Kumbe ndivyo inavyotakiwa kutokea. Ukikimbia kama unayefukuzwa, mwili unaamini kweli unafukuzwa. Homoni za hatari, adrenalini na wenzake, zinaliambia ini lifungue akiba yake, na ini linamwaga sukari kwenye damu kwa kasi kuliko misuli inavyoweza kuitumia. Ni kwa muda. Nilipojipima tena kabla ya chakula cha mchana ilikuwa 6.9. Aliyepima mara moja tu, akiwa bado anahema, angerudi nyumbani akiamini mazoezi ni sumu. Kwa hiyo ukiona imepanda baada ya mbio, kunyanyua vyuma au mpira wa nguvu, usimeze dawa ya ziada. Ngoja, kunywa maji, pima baadaye. Ila kwa wenzetu wa kisukari cha aina ya kwanza kuna tahadhari kubwa zaidi: sukari ikizidi 14 na ketoni zipo, yaani asidi zinazotokea mwili ukichoma mafuta kwa kukosa insulini, mazoezi yanasubiri mpaka hali irekebishwe, maana insulini ni pungufu mwilini na mazoezi yataongeza moto.

Mwaka 2022 miguu yangu ilinipa somo jingine. Chini ya meza ya fundi hakukosi pini. Usiku mmoja mke wangu alikuwa ananisugua nyayo kwa mafuta, akashtuka: kichwa cha pini kimejitokeza chini ya kidole gumba, na kidonda kidogo kimeshaanza. Nilikuwa nimetembea nayo, labda siku nzima, labda mbili. Sikuhisi chochote. Kliniki wakanipitishia uzi mwembamba wa plastiki kwenye nyayo nikiwa nimefumba macho, niseme unaponigusa. Sehemu tatu sikusema, kumbe sukari ilikuwa imeshadhoofisha neva za miguu. Nikakatazwa kutembea mwendo mrefu mpaka kidonda kipone, wiki sita nzima, na sukari ikaanza kupanda tena mbele ya macho yangu.

Wiki zile ndizo zilizonirudisha kwenye upande mwingine wa mazoezi. Nilikuwa nakaa kwenye kiti nanyanyua gudulia la maji la lita tano, mkono huu, mkono huu. Nasukuma ukuta. Nasimama na kukaa mara kumi nikiegemea kisigino cha mguu mbovu ili uzito usikanyage kidonda, baada ya nesi kunikubalia. Misuli ya mikono na mapaja nayo inavuta sukari, haichagui. Tangu hapo sitoki bila viatu vilivyofunika vidole na soksi za pamba, kabla ya kuvaa naingiza mkono ndani ya kiatu kupapasa kama kuna jiwe, na usiku nyayo zinakaguliwa. Kandambili sivai tena hata kwenda msalani.

Kidonda kilipopona, nikafungua mota.

Nimeifungua kweli, nikairudishia cherehani mkanda wake wa ngozi na kanyagio lake. Mota ninayo, naifunga msimu wa sare kati ya Desemba na Januari, kazi zinapozidi. Siku nyingine nashona kwa miguu, na viatu vyangu nimevaa. Nilipima viwili viwili hapo pia: chapati mbili na mchuzi, nikashona saa moja kwa mota, 11.8; chapati mbili na mchuzi, saa moja kwa kanyagio, 8.9. Huo ni mwili wangu, wa kwako utakuonyesha namba zake. Lakini kwa fundi mwenzangu anayekaa saa kumi kwa siku na anayesema hana nafasi ya mazoezi, hiyo nafasi ipo chini ya meza yake.

Ramadhani ina hesabu zake. Kabla haijaingia naenda kliniki, dawa inapangwa upya. Dozi ya asubuhi ya siku za kawaida huenda isifae kumezwa daku vile vile. Mwaka wa kwanza nilijitia ushujaa, nikaendelea kutembea saa kumi na moja jioni wakati akiba ya mwili imekwisha. Sasa mchana natulia, na swala ya tarawehe ndiyo mazoezi yangu. Kusimama, kurukuu, kusujudu, kuinuka, rakaa kwa rakaa, muda mfupi baada ya futari yenye tende, mihogo na tambi: ni kutembea baada ya kula kwa namna nyingine, na waliobobea katika kisukari na funga nao wanaihesabu kuwa ni mazoezi. Naenda na maji. Na mchana sukari ikishuka chini ya 3.9, nafungua. Sheikh wetu wa msikitini amelisema hilo wazi mbele ya jamaa wote, nami namshukuru, maana wapo wanaoona haya kufungua kuliko wanavyoogopa kufa.

Jirani yangu, mzee wa miaka 71, alikuwa hataki kusikia habari za mazoezi. Kwake mgonjwa wa sukari akitoka jasho anajimaliza. Nilimsimulia habari za Steve Redgrave, yule mpiga makasia wa Uingereza aliyegunduliwa ana kisukari mwaka 1997 na mwaka 2000 akashinda dhahabu yake ya tano ya Olimpiki kule Sydney. Haikumgusa, akasema Waingereza wana madaktari wao. Kilichomgusa ni daftari. Nilimwonyesha kurasa za wali, akazisoma polepole kwa kidole, akaniuliza, "Mwanangu, hizi ni zako kweli?"

Sasa tunatoka pamoja baada ya isha, usiku umepoa. Mwendo wetu ni wa mzee, dakika kumi na tano, na sikazi. Anatumia atenololi kwa ajili ya presha, na dawa za jamii hiyo zinaficha dalili: sukari ikishuka moyo hauendi mbio wala mikono haitetemeki kama inavyopaswa, inabaki jasho. Kwa hiyo kila tukifika kwenye taa namtazama paji la uso, na glukosi ya unga iko mfukoni kwangu kwa ajili ya wote wawili. Kipimo changu cha miezi mitatu, kile cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa muda huo (HbA1c), kilianza na asilimia 9.6, cha mwisho kilikuwa 7.1, na gliklazaidi daktari amenipunguzia nusu. Mzee hajafika huko, lakini kurasa zake tumeshazifungulia, katikati ya daftari, baina ya viuno vya wateja na sukari yangu. Juzi tulitoka na 12.6 tukarudi na 9.8. Jana 11.9, tukarudi 9.5.

Leo mvua haijakatika tangu alasiri. Nimemtuma mjukuu wake akamwambie aje hapa kibandani, ile cherehani ya zamani ya mke wangu nimeitoa mkanda, akanyage tu bila kushona, mimi nimalize kanzu ya watu.